Tangazo la Wiki ya Nne

Jumanne, 9 Januari

Daftari hili nimelinunua kwa sababu kumbukumbu za vikao vya halmashauri hazina nafasi ya mtu kukasirika. Jana nimeandika: "Meya alieleza hali ya huduma ya gari la wagonjwa. Wajumbe walijadili." Ukweli ni kwamba Meya Cleophus Hardnett alipiga meza mpaka kahawa yangu ikamwagika, na wajumbe hawakujadili chochote, walikaa wakitazama mikono yao. Kampuni inayotuletea gari la wagonjwa inaondoka tarehe thelathini Aprili. Kuanzia hapo hospitali ni maili arobaini na nane, na kila mtu ajue atakavyofika.

Dawa ipo. Sisi wa Cahatta tunaweza kujitoza kodi ndogo tukaendesha gari letu wenyewe. Lakini hapa Alabama mji hauwezi hata kuwauliza watu wake kwa kura mpaka Bunge la jimbo, kule Montgomery, lipitishe muswada wa kuturuhusu, muswada wetu peke yetu, wenye jina letu. Na kabla muswada haujaingia bungeni lazima tangazo lake litoke kwenye gazeti la hapa wiki nne mfululizo, mtu asije akasema ameviziwa. Hilo la tangazo ni kazi yangu, na niliimaliza Desemba. Miaka ishirini na sita mimi ni karani wa mji huu na sijawahi kurudishiwa karatasi.

Niseme pia ninayemfikiria. Lutie Mae Sconiers ni jirani yangu, tunakaa benchi moja kanisani, na moyo wake umechoka. Gari hilo limeshamwokoa mara mbili.

Jumatano, 17 Januari

Mabomba yameganda. Ofisi imefungwa. Nimeshinda na mkate wa mahindi wa jana.

Jumatatu, 22 Januari

Mwakilishi wetu, Dewitt Yelder, amekuja kuchukua faili la muswada. Siku za bunge yuko Montgomery, siku nyingine anaendesha nyumba ya mazishi aliyoachiwa na baba yake. Lutie alikuwa ameniletea keki kavu za chai, akamkuta kaunta.

"Mheshimiwa, wewe huna hasara," akamwambia. "Gari likipatikana tunakupa kura. Lisipopatikana tunakuja kwako tumelala."

"Bi Lutie, wewe sina haraka nawe."

"Najua. Unaogopa nitakusema hata nikiwa ndani ya sanduku."

Yelder alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka sana. Simpendi mwanamume anayetabasamu hivyo huku viatu vyake vinang'aa kuliko kioo changu cha chumbani.

Alituambia desturi yao ilivyo. Muswada wa mji mmoja, wabunge wa kwingine hawaugusi, wanakaa kimya kwa adabu. Wenye neno ni wawili tu, yeye na Seneta Royce Haldane. Mmoja wao akikataa kutia sahihi, umekufa hapo hapo.

"Haldane?" Meya akaruka. "Si yule niliyempinga jukwaani mwaka ule?"

"Huyo huyo. Kwa hiyo utakwenda mwenyewe, Meya, umwangukie."

"Bora nife."

"Basi nitakupimia sanduku kabisa," Yelder akasema.

Jumanne, 6 Februari

Bunge limefunguliwa. Litafungwa wiki ya pili ya Mei. Mvua.

Jumapili, 11 Februari



Baada ya ibada nilikwenda kwa Lutie. Yeye hatupi gazeti hata moja kwa sababu ya tanzia. Ana rundo zima jikoni, karibu na jiko. Akaniomba nimtafutie tanzia ya binamu yake Odessa, aliyefariki siku mbili baada ya Krismasi. Nikapekua. Saba Desemba, kumi na nne, ishirini na moja. Halafu nne Januari.

"Hapa katikati pamepungua moja," nikasema.

"Hapajapungua. Eunice wa gazeti si hufunga wiki ya Krismasi akaenda kwa dada yake Mobile? Tangu mumewe afariki anafanya hivyo. Ozella, umezeeka, mama wee." Naye akaendelea kukoroga maharage.

Sikuzeeka. Nimelijua hilo miaka yote, kama ninavyojua kinyozi hafungui Jumatatu. Kila mtu hapa analijua. Lakini hati ya kiapo kwamba matangazo yametoka niliipiga chapa mwanzoni mwa Desemba, ili nisikimbizane na sikukuu, nikaandika Alhamisi zote nne: saba, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na nane. Januari Eunice Crabb, mwenye gazeti, akaja akatia sahihi kwenye kaunta yangu huku ananisimulia goti la dada yake. Hakusoma. Mimi nami sikusoma, kwa sababu nilikuwa nimeandika mwenyewe.

Matangazo yametoka matatu. Sheria inasema manne. Na hati inasema ishirini na nane, siku ambayo hakukuwa na gazeti.

Halijaharibika jambo. Tunatangaza upya wiki nne, Yelder anaingiza muswada mpya, muda upo tele. Kesho asubuhi nampigia.

Jumatatu, 12 Februari

Sikumpigia. Meya alikuwa amesimama ofisini anawaambia wajumbe, "Karatasi za Ozella hazina kasoro, hata Montgomery wanajua." Nikajiambia nitapiga mchana. Mchana nikajiambia kesho.

Alhamisi, 15 Februari

Gazeti limetoka.

Alhamisi, 22 Februari

Muswada wetu umepita kwa Wawakilishi, imebaki Seneti! Tisa wamesema ndiyo, hapana hakuna, na wengine zaidi ya themanini wamekaa kimya kwa adabu, kama Yelder alivyosema. Meya alinishika mkono akanizungusha katikati ya ofisi. Nilizunguka. Nilitabasamu.

Hakuna anayesoma hati za kiapo. Zimefungwa na pini nyuma ya faili, na pini yenyewe hawajaifungua.

Alhamisi, 29 Februari

Gazeti limetoka. Mvua ya siku tatu, mfereji wa barabara ya kanisa umefurika.

Jumatano, 6 Machi

Tumekwenda Montgomery kumwona Haldane, Meya na mimi. Njia nzima Meya alikuwa anafanya mazoezi ya kumwangukia mtu, akianza kwa upole na kumaliza kwa matusi.

Nilitarajia jitu lenye kiburi. Tukakuta mzee mnene, mpole, ana mikono ya mkulima, anaongea polepole mpaka unatamani kumsaidia maneno. Alitukaribisha chai baridi. Yelder alikuwa amesimama dirishani.

"Mwaka ule ulinichapa sana, Meya," Haldane akasema.

"Nilikuchapa, Seneta."

"Uliniita nini vile? Kunguni?"

Meya akasahihisha, "Kupe."

"Kupe! Mke wangu bado ananiita hivyo." Akacheka peke yake, akanigeukia mimi. "Mimi sina ugomvi na gari lenu. Nina jambo moja tu, Bi Tarver. Mwaka jana muswada wa watu wangu ulianguka mlangoni kwa ajili ya karatasi. Nikarudi nyumbani sina uso wa kuwatazama. Matangazo yenu yametimia manne?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Walikuwepo wote wanaohusika, siku zilikuwepo, na mtu ameniuliza kwa adabu. Ningesema, Mheshimiwa, wiki moja tumeikosa. Wangekasirika mpaka chakula cha mchana, basi.

"Yametimia," nikasema.

"Umehakikisha mwenyewe?"

"Miaka ishirini na sita, Seneta."

"Basi nachukua neno lako. Ngojeni zamu yenu, nina foleni, lakini nitatia sahihi."

Kurudi, Meya alimlaani Haldane tangu tunatoka maegesho. Foleni gani, anatuchelewesha makusudi, anataka tulambe viatu. Mimi nikamlaani kwa sauti kubwa kuliko yake. Nilikuwa na hasira ya kweli, sijui ilitoka wapi, nilijikuta napiga kiti kwa ngumi. Meya akaniangalia akasema, "Dada, sijakuona hivi hata siku moja."

Alhamisi, 14 Machi

Gazeti limetoka. Haldane hajatia sahihi. Mwanaharamu.

Ijumaa, 15 Machi

King'ora cha kimbunga kimelia saa nane mchana. Anga ilikuwa kijani. Nilimvuta Lutie ndani ya bafu langu kwa sababu ndicho chumba kisicho na dirisha, tukakaa kwenye sakafu, godoro juu ya vichwa. Upepo ulipita kusini yetu ukang'oa paa la ghala la pamba. Tukatoka tukicheka, halafu Lutie akaacha kucheka, akashika ukingo wa sinki.

Gari la wagonjwa lilifika kwa dakika kumi na tisa, licha ya miti iliyoanguka. Wahudumu walimfunga nyaya, wakampa dawa chini ya ulimi, rangi ikaanza kumrudia. Wakati wanampandisha akanivuta sikio. "Ozella, nimevaa ile chupi yangu ya zamani. Wamekuja haraka mno hawa."

Walipoondoka niliingia garini nikaenda moja kwa moja kwa Yelder. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilifika, nikamwona kupitia kioo cha mlango. Mzee mmoja aliyefiwa alikuwa ameketi kwenye kochi, na Yelder amepiga magoti mbele yake kwenye zulia, anamfunga kamba za viatu, bila haraka, huku mzee anaongea. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwona akifanya hivyo.

Nilidhani namjua mtu yule. Nikasimama pale nikaelewa kwamba nikimwambia hatanifokea. Angenishukuru kwa kumwambia. Sikuweza kulibeba hilo. Nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 21 Machi

Gazeti limetoka. Lutie amerudi, analalamikia chakula cha hospitali.

Alhamisi, 28 Machi

Gazeti limetoka. Nimehesabu kwa kalenda mara tatu. Hii ndiyo ilikuwa wiki ya mwisho ambayo tungeweza kuanza upya tukawahi. Nilikuwa na tangazo jipya kwenye mkoba tangu Jumatatu, limepigwa chapa safi. Nimepita mbele ya ofisi ya Eunice mara mbili. Mara ya pili akanipungia mkono kwa dirishani, nami nikampungia.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimeimba.

Jumanne, 16 Aprili

Haldane ametia sahihi. Meya ameleta nyama choma ofisini. Sikula.

Jumanne, 23 Aprili

Yelder alipiga simu saa tisa alasiri.

"Bi Ozella, uko peke yako? Kaa chini."

Nilikuwa nimeshakaa.

"Umeanguka," akasema. "Makarani wa Seneti wameomba vipande vya gazeti vyenyewe, siyo hati peke yake. Eunice akatuma vitatu, akashangaa cha nne kiko wapi. Wiki ya Krismasi hakuchapa. Haldane alisimama mara mbili kuwabembeleza, mzee wa watu, mpaka sauti ikamkauka. Wamekataa."

Yule niliyemwita mwanaharamu.

"Na mimi," Yelder akaendelea, "kila wiki natoa tanzia kwenye gazeti lile. Wiki ya Krismasi nilizipeleka redioni kwa sababu gazeti halikuwepo. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu! Halafu nikabeba hati imeandikwa ishirini na nane nisione. Nilipaswa kuhesabu."

"Hatuwezi kurudia?" nikauliza. Nilijua jibu kwa tarehe.

"Tungegundua hata mwezi wa tatu ningeurudisha. Sasa mpaka mwakani."

"Nilisahau Krismasi," nikasema.

"Tumesahau wote, dada. Usijiumize."

Neno nililomwambia lilikuwa la kweli. Desemba nilisahau. Nimekaa nikiliangalia neno hilo jioni yote, lilivyo safi.

Jumatatu, 29 Aprili

Mkutano wa wananchi, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Meya alikuwa anaanza kusema "matatizo ya kiutaratibu" ndipo mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Nani hakuhesabu? Mtaje!"

Nilikuwa mezani na kalamu. Kabla sijainua kichwa, Yelder alikuwa amesimama.

"Mimi," akasema. "Karatasi nilibeba mimi. Kazi ya mbunge wenu ni kukagua, na sikukagua. Msimtafute mtu mwingine."

"Biashara yako itachangamka sasa, Dewitt!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya, na wengine wakaanza kupiga meza. Yelder alibaki amesimama. Aliacha wamseme kwa muda wa saa nzima. Alipokuwa anatoka alimnyooshea Lutie mkono, na Lutie, ambaye hajawahi kukosa neno la kumtania, akauficha wake chini ya mkoba.

"Nilikuamini," akamwambia.

Na mimi niliandika nini? Nimeandika: "Mheshimiwa Yelder alikiri uzembe wa ofisi yake." Kwa mwandiko wangu, nikapiga mstari chini, nikatia muhuri wa mji.

Jumanne, 30 Aprili

Gari limeondoka saa sita mchana. Dereva alipunguza mwendo mbele ya ofisi, akapiga honi mara moja.

Alhamisi, 9 Mei

Bunge limefungwa. Mvua ya mawe, kubwa kama karanga.

Jumatano, 15 Mei

Lutie amefariki.

Renata, binti yake, alinipigia saa nne asubuhi. Niliwakuta jikoni, Lutie kwenye kiti karibu na rundo la magazeti, uso umelowa, rangi ya majivu. Renata alikuwa kwenye simu na wilaya ya jirani. Wana magari mawili, moja lilikuwa kwenye ajali barabara kuu, jingine lingekuja likipatikana. Msimwinue, msimsogeze, wakasema. Tukangoja. Nilimpepea kwa kadi ya kanisa. Dakika arobaini. Hapo Alton, mwanawe, akasema hapana, akambeba mama yake mikononi mpaka kwenye gari lake, nami nikaingia nyuma, nikapakata kichwa chake.

Aliongea mara moja tu, tulipopita mabwawa ya kufugia kambare.

"Wamekaribia?"

"Wamekaribia," nikamwambia.

Alton alikuwa anaendesha anapiga honi watu wampishe, na barabara ilikuwa tupu. Nilijua wakati ulipofika kwa sababu kichwa kilikuwa kizito ghafla. Sikuwaambia. Niliendelea kumpangusa paji la uso mpaka mlango wa hospitali, maili kumi na saba, kwa sababu Renata alikuwa mbele anaomba kwa sauti na sikutaka aache.

Jumamosi, 18 Mei

Tumemzika. Yelder ameifanya kazi yote mwenyewe, amemvisha gauni la zambarau, nywele amezipanga kama alivyopenda. Makaburini Renata alimwambia mbele ya watu, "Kaa mbali na familia yangu." Akarudi nyuma hatua kumi, akasimama juani na kofia yake kifuani mpaka tulipomaliza. Watu walimpita bila kumsalimia. Meya ananiambia ameshapatikana mtu wa kugombea kiti chake, na atakishinda.

Nilikaa benchi ya mbele, na familia, nikaimba. Renata alinishika mkono wakati wote. "Wewe ulimpigania mama mpaka mwisho," akaninong'oneza.

Jumatatu, 20 Mei

Sikwenda kazini. Saa tatu asubuhi nilibisha kwa Lutie. Renata alikuwa anafunga vyombo kwenye maboksi, akivizungushia magazeti ya mama yake. Akanisogezea kiti. Nikamwambia nitasimama.

Nikamwambia. Nilikuwa nimeogopa kwamba maneno yatakuwa mengi, na yalikuwa machache. Kwamba kosa la Desemba lilikuwa langu. Kwamba nililijua. Kwamba nililijulia hapa hapa, na mama yake ndiye aliyenionyesha bila kujua.

"Tarehe ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja Februari."

Alikuwa na sahani mkononi. Niliona midomo yake inahesabu, Februari, Machi. Mtu yeyote wa hapa sasa anajua hesabu hiyo, wiki nne.

"Kulikuwa na muda."

"Kulikuwa na muda. Seneta aliniuliza, nikamdanganya. Yelder hakujua lolote. Leo mchana nakwenda kwake, halafu kwa Meya, na kikao kijacho nitalisema ukumbini."

Nilikuwa tayari kwa kofi. Nilikuwa tayari kwa mlango. Renata aliiweka sahani chini polepole, akapangusa mikono yake kwenye gauni.

"Uliimba kwenye mazishi yake," akasema.

"Ndiyo."

Akageuka kuelekea uani, akaita, "Alton! Acha hiyo kazi, njoo." Halafu akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mwambie na yeye. Kama ulivyoniambia mimi. Anzia hapa jikoni."

Alton aliingia na udongo mikononi, akanisalimia, "Shikamoo, mama Ozella," akavuta kile kiti nilichokikataa, akaketi, akanitazama akingoja.

Nikaanza.